Kutoka Sikioni hadi Karatasini: Kubuni na Kuchapisha Jarida la Muziki kama Mradi wa Wanafunzi wa Kiswahili mtaani Namuwongo, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanafunzi wa Kiswahili wa shule za sekondari wanavyoweza kubuni, kuandika, kusanifu na kuchapisha jarida dogo la muziki kama mradi wa somo. Mazingira yanayorejelewa ni mtaa wa Namuwongo jijini Kampala, ambako lugha nyingi hukutana na Kiswahili husikika mitaani kuliko kinavyosomwa. Hoja kuu ni kwamba jarida humpa mwanafunzi jambo ambalo insha ya darasani haimpi, yaani msomaji asiyekuwa mwalimu wake. Makala yanapitia historia fupi ya majarida ya wanafunzi, yanaonyesha kwa nini muziki unafaa kuwa mada, kisha yanafafanua hatua za kazi: kuteua msomaji, kuhoji na kutafsiri, kuweka mwongozo wa mtindo, kusanifu kurasa kwa kuzingatia umbo la maneno ya Kiswahili, kulinda haki za wasanii na kupeleka kazi kwa mchapaji. Inahitimishwa kwamba mradi wa aina hii ni zoezi la lugha na pia njia ya kuhifadhi kumbukumbu za mtaa ambao kumbukumbu zake hupotea upesi.

Istilahi muhimu: jarida la wanafunzi, muziki, usanifu wa kurasa, Kiswahili nchini Uganda, Namuwongo

1.0 Utangulizi

Namuwongo ni mtaa ulio katika Divisheni ya Makindye, kusini-mashariki mwa kitovu cha jiji la Kampala. Upande mmoja kuna eneo la viwanda, upande mwingine mlima wenye majumba ya wenye uwezo, na katikati, kando ya reli na kinamasi cha Nakivubo, kuna nyumba zilizosongamana za watu waliokuja mjini kutafuta riziki. Wengi wao walitoka kaskazini mwa Uganda wakati wa vita. Wengine wametoka magharibi mwa nchi na wengine Kongo. Kwa hiyo mtu akipita njia moja fupi Jumapili asubuhi anaweza kusikia Kiganda, Kiacholi, Kiateso, Kilingala na Kiswahili, na kila lugha ina nyimbo zake zinazotoka katika spika ya kibanda, kanisa au saluni.

Hali ya Kiswahili katika mazingira haya inahitaji maelezo. Lugha hii ina historia ya kusukumwa na kurudishwa nchini Uganda. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza itumike kwa upana katika elimu na utawala, na pendekezo lake likapingwa vikali, hasa katika Buganda. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin iliitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo hilo halikufuatwa na walimu wala vitabu, na kwa wananchi wengi Kiswahili kilibaki na sura ya lugha ya askari. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hata hivyo, sera haimfanyi mwanafunzi aandike. Katika miaka ya kufundisha, mwandishi wa makala haya amesahihisha mamia ya insha zenye kichwa “Siku Ambayo Sitaisahau”. Nyingi zilikuwa safi kisarufi, lakini zilisahaulika mara tu daftari lilipofungwa. Kosa halikuwa la wanafunzi. Waliandika kwa ajili ya mtu mmoja ambaye tayari alijua watakachosema, na ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta makosa. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, kazi gani ya darasani itamfanya mwanafunzi wa Namuwongo aandike Kiswahili kwa sababu kuna mtu anayetaka kusoma alichoandika?

2.0 Majarida ya wanafunzi: historia fupi

Wazo la wanafunzi kuandika na kuchapa halikuanza jana. Mwaka 1888 shule ya Kiungani kisiwani Unguja, iliyokuwa chini ya wamisionari wa UMCA, ilianza kutoa Msimulizi, mojawapo ya majarida ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya habari zake iliandikwa na wanafunzi wa shule hiyo pamoja na walimu Waafrika waliokuwa wamesambaa katika vituo vya bara. Jambo la kuzingatia ni kwamba jarida hilo liliunganisha watu waliofahamiana lakini walikuwa mbalimbali. Mwandishi alijua nani angemsoma.

Nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani katika kijiji cha Bar-sur-Loup katika miaka ya 1920. Watoto walitoka nje, wakaangalia kazi za mafundi na wakulima, wakarudi kuandika, kisha wakapanga herufi na kuchapa matini zao wenyewe na kubadilishana na wanafunzi wa shule nyingine. Freinet aliona kwamba mtoto anayepanga herufi moja moja huanza kujali tahajia bila kuhimizwa, kwa kuwa kosa lake litasafiri.

Kampala nayo ina urithi wake. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Chuo cha Makerere ilianzisha Penpoint, jarida la fasihi lililobeba kazi za wanafunzi, zikiwemo hadithi za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong’o. Mwaka 1965 David Cook alikusanya baadhi ya kazi hizo katika kitabu Origin East Africa. Waandishi kadhaa wa Afrika Mashariki walijifunza kuchapishwa kabla ya kujulikana. Lakini Penpoint lilikuwa jarida la Kiingereza, la chuo, na la mlimani. Baadaye, mwaka 1993, gazeti la vijana Straight Talk lilianza kusambazwa nchini Uganda, na barua za wanafunzi zikawa sehemu muhimu ya kurasa zake. Mifano hii minne inatofautiana kwa nia na zama, lakini inakubaliana katika jambo moja: maandishi ya mwanafunzi hukua yanapotoka nje ya ukuta wa darasa.

3.0 Kwa nini muziki?

Mwalimu anaweza kuuliza kwa nini jarida lisiwe la afya, la michezo au la habari za shule. Zipo sababu tatu za kuchagua muziki.

Kwanza, muziki ndio uwanja ambao Kiswahili tayari kinaishi Uganda bila kulazimishwa na mtaala. Jose Chameleone amejijengea jina kwa nyimbo zinazochanganya Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Samba Mapangala, mzaliwa wa Kongo, alipiga muziki Kampala katika miaka ya 1970 kabla ya kuhamia Nairobi na kuongoza Orchestra Virunga, ambayo nyimbo zake za Kiswahili na Kilingala zilivuka mipaka yote ya kanda hii. Bongo Fleva kutoka Tanzania husikika kila siku redioni na katika teksi. Mwanafunzi anayesema hajui Kiswahili huenda anajua viitikio ishirini kwa moyo.

Pili, msamiati wa muziki unaunganisha Kiswahili na lugha za nyumbani. Kiganda kina oluyimba na ennyimba, Kiswahili kina wimbo na nyimbo. Kiganda kina engoma, Kiswahili kina ngoma. Kosa lililoenea sana katika Kiswahili cha mazungumzo ni kusema “nyimbo yangu” kwa maana ya wimbo mmoja. Mwanafunzi anayezungumza Kiganda hawezi kusema ennyimba kwa kukusudia wimbo mmoja, kwa sababu lugha yake inatofautisha oluyimba lwange na ennyimba zange. Akionyeshwa kwamba wimbo wangu na nyimbo zangu hufuata mpangilio uleule wa ngeli, hujisahihisha mwenyewe. Mwanafunzi anayezungumza Kiacholi, lugha isiyo na ngeli za aina hiyo, atahitaji msaada tofauti. Ndiyo maana ni vyema wawili hao wahariri ukurasa mmoja pamoja.

Tatu, wanamuziki wa mtaani hawaandikwi. Majina makubwa yana waandishi wao magazetini. Mpiga adungu katika arusi za Waacholi, kiongozi wa kwaya, fundi anayetengeneza vikuza sauti na kijana anayerekodi muziki wa kufokafoka katika chumba kilichofunikwa magodoro ukutani hawana. Mwaka 2014 majengo yaliyokuwa kando ya reli Namuwongo yalibomolewa, na waliokuwa wakiishi humo wakatawanyika. Nyumba ikibomolewa, mwenyewe huondoka na godoro na sufuria. Habari za nani alipiga nini, wapi na kwa ala gani hubaki vichwani mwa watu ambao kesho hawatakuwa majirani tena. Ukurasa uliochapwa unaweza kubebwa.

4.0 Hatua za uandishi

4.1 Kuteua msomaji na jina

Kabla ya kuandika neno lolote, darasa liulizane: nani atasoma? “Kila mtu” si jibu. Msomaji anayefaa ni mtu anayeweza kuelezwa kwa sentensi moja, kwa mfano kijana wa mtaani mwenye umri wa miaka kumi na sita ambaye anaelewa Kiswahili kwa kusikia lakini hakisomi kwa wepesi. Uamuzi huo utaongoza urefu wa sentensi, ukubwa wa herufi na idadi ya picha. Jina la jarida liwe fupi na litamkike kwa wote. Neno kama Relini lina herufi sita, linaeleweka na kila mkazi wa mtaa huu, na lina kiambishi cha mahali kinachoweza kufundishwa kwa dakika tano.

4.2 Kugawa kazi

Jarida la kurasa kumi na sita linaweza kuendeshwa na darasa zima likigawanywa katika vikundi: waandishi, wapiga picha, wahariri, wasanifu wa kurasa, na wahusika wa fedha na usambazaji. Mhariri mkuu awe mwanafunzi. Mwalimu abaki mshauri mwenye haki ya kuzuia jambo linaloweza kumdhuru mtu, lakini asiwe mwandishi wa siri wa tahariri. Yaliyomo yawe ya aina mbalimbali, kwani kila aina hufundisha rejesta yake. Tahariri hufundisha kujenga hoja, mahojiano hufundisha kuuliza na kusikiliza, tathmini ya wimbo hufundisha kueleza na kupima, wasifu hufundisha mpangilio wa wakati, na maelezo ya picha hufundisha kusema mengi kwa maneno kumi na mawili.

4.3 Kuhoji na kutafsiri

Mahojiano mengi yatafanyika katika lugha ambayo mwanamuziki anaimudu, na si lazima iwe Kiswahili. Hapa mwanafunzi anakuwa mfasiri. Utaratibu unaopendekezwa una hatua nne: kurekodi kwa ridhaa ya mhojiwa, kunukuu kwa maandishi maneno yake katika lugha yake, kutafsiri, kisha kumsomea mhojiwa tafsiri hiyo kwa sauti kabla ya kuchapa. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito. Mtu asiyesoma Kiswahili ana haki ya kujua amesemeshwa nini katika lugha hiyo. Majina ya nyimbo yasitafsiriwe. Yaandikwe kama yalivyo na maana ielezwe ndani ya sentensi. Mwandishi aseme, kwa mfano, kwamba kadongo kamu ni muziki wa Kiganda ambao jina lake lina maana ya gitaa moja dogo, kisha aendelee.

4.4 Mwongozo wa mtindo

Kila chumba cha habari kina mwongozo wa mtindo, na jarida la wanafunzi lisiwe bila wake. Ukurasa mmoja unatosha. Uamue tahajia ya maneno ya mkopo kama vile albamu, studio, gitaa na rege. Uamue namna ya kuandika tarehe na namba. Na uamue swali gumu kuliko yote, yaani Kiswahili cha mhojiwa kisahihishwe au la.

Tuseme msanii amesema, “Hii nyimbo yangu ilitoka tukiwa bado pale chini kwa reli.” Mhariri anaweza kuandika upya sentensi hiyo kwa Kiswahili sanifu. Akifanya hivyo amempa msanii ulimi usio wake. Akiiacha kama ilivyo, msomaji mwingine anaweza kudhani jarida halijui sarufi, au kwamba linamcheka mhojiwa. Pendekezo la makala haya ni kutenganisha sauti mbili. Sauti ya jarida, yaani maelezo yote yaliyo nje ya alama za nukuu, iwe ya Kiswahili sanifu bila msamaha. Sauti ya mhojiwa, ndani ya alama za nukuu, iachwe ilivyotamkwa, isipokuwa pale maana inapopotea. Kanuni hiyo ielezwe wazi katika ukurasa wa pili wa jarida. Kwa njia hii mwanafunzi anajifunza kwamba usanifu wa lugha ni chaguo linalohusiana na mahali na dhima, na kwamba kutozungumza Kiswahili sanifu si aibu.

5.0 Usanifu wa kurasa na umbo la maneno ya Kiswahili

Kress na van Leeuwen (1996) wameonyesha kwamba picha, rangi na mpangilio wa ukurasa vina sarufi yake, na kwamba mahali kitu kilipowekwa ni sehemu ya maana yake. Maelezo hayo yanafaa, lakini kwa Kiswahili kuna jambo la ziada ambalo vielelezo vingi vya usanifu havilizingatii, kwa sababu vilitengenezwa kwa lugha nyingine.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi. Neno hawakutuimbia lina herufi kumi na tatu, nalo ni sentensi kamili ambayo kwa Kiingereza ingehitaji maneno sita mafupi. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo la milimita 15 kila upande na nafasi ya milimita 5 kati ya safu, safu tatu zitakuwa na upana wa takriban milimita 57 kila moja, na safu mbili takriban milimita 87. Katika safu nyembamba, maneno marefu yakinyooshwa pande zote mbili huacha mapengo meupe yanayoonekana kama njia za maji ukurasani. Kwa hiyo jarida la Kiswahili litumie safu mbili kwa makala ndefu, na maandishi yapangwe kushoto tu. Safu tatu ziachiwe habari fupi na orodha.

Suala la pili ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, hivyo nyimbo hukatwa nyi-mbo na mwangwi hukatwa mwa-ngwi. Programu ya kompyuta iliyowekwa katika Kiingereza haijui hivyo. Itaandika nyim-bo na mwan-gwi. Ni salama zaidi kuzima kabisa ukataji wa moja kwa moja, na kukata kwa mkono pale tu inapobidi, ikiwezekana kwenye mpaka wa mofimu, kama mwana-muziki. Kisahihisha tahajia cha Kiingereza nacho kizimwe, maana hubadilisha maneno kimyakimya.

Suala la tatu ni dogo kwa umbo lakini hujitokeza mara kwa mara. Baadhi ya fonti huacha nafasi pana baada ya alama ya ritifaa, na neno kama ng’oa likaonekana maneno mawili. Fonti ijaribiwe kwa maneno yenye ng’ kabla ya kuchaguliwa. Fonti mbili zinatosha jarida zima: moja ya vichwa na moja ya matini. Programu huria ya Scribus inaweza kufanya kazi yote hii bila gharama ya leseni, hata katika kompyuta ya zamani.

Picha nazo zina hesabu zake. Kwa uchapaji mzuri huhitajika nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa nukta 1,200 itachapika vizuri kwa upana wa inchi nne tu, yaani sentimita kumi hivi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumwe kama hati, au inakiliwe moja kwa moja kutoka kwenye simu.

6.0 Haki na ridhaa

Jarida la muziki linagusa mali ya watu. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda mashairi ya wimbo, muundo wake wa muziki na rekodi yake, na ulinzi wa mtunzi huendelea kwa miaka hamsini baada ya kifo chake. Kuchapa mashairi ya wimbo mzima bila kibali ni kosa, hata kama jarida linagawiwa bure na hata kama mashairi yanapatikana kila mahali. Kunukuu kifungu kifupi kwa ajili ya uhakiki, kwa kutaja mtunzi na chanzo, kunaruhusiwa. Mwanafunzi anayefahamu tofauti hii amejifunza jambo ambalo baadhi ya watu wazima walio katika biashara ya muziki hawajalifahamu.

Ridhaa ina upande mwingine. Msanii wa mtaani anaweza kukubali kupigwa picha lakini asitake nyumba yake ionekane. Mwingine hatataka kabila lake litajwe. Sura za watoto zisichapwe bila idhini ya wazazi au walezi. Mambo haya yaandikwe katika fomu fupi ya Kiswahili yenye tafsiri ya lugha ya mhojiwa, na fomu hiyo iandikwe na wanafunzi wenyewe kama zoezi la uandishi wa kiuamilifu.

7.0 Kupeleka kazi kwa mchapaji

Kampala ina bahati ya kuwa na Nasser Road, barabara inayojulikana kwa maduka ya wachapaji, wasanifu na wakata karatasi waliokaa bega kwa bega. Kutoka Namuwongo si mbali. Kuwapeleka wanafunzi huko ni somo lenyewe, kwa kuwa wanakutana na watu wanaoishi kwa kazi ya maandishi.

Kabla ya safari hiyo, ni lazima kutengeneza kielelezo cha karatasi. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne za A4. Kwa hiyo idadi ya kurasa sharti igawanyike kwa nne, na jarida la kurasa kumi na sita ni karatasi nne zilizoingizwa moja ndani ya nyingine na kubanwa pini mgongoni. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Kanuni ni rahisi: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, namba zake zikijumlishwa, hutoa idadi ya kurasa zote na moja zaidi, ambayo hapa ni 17.

Mwandishi wa makala haya aliijua kanuni hiyo kwa kuchelewa. Katika jarida la kwanza alilowahi kusimamia shuleni, miaka mingi iliyopita, hakuna aliyekunja kielelezo. Mahojiano yalianza ukurasa wa 5 na kumalizikia ukurasa wa 12, na mwanafunzi aliyeyaandika alikaa na nakala yake mkononi bila kusema lolote. Tulichapisha karatasi ndogo ya maelekezo na kuipachika ndani ya kila nakala. Tangu siku hiyo, kukunja karatasi tupu na kuziandika namba kwa kalamu ya risasi kumekuwa kazi ya kwanza ya kikao cha kwanza.

Kuhusu gharama, wanafunzi waelewe mantiki yake kabla ya kuuliza bei. Katika uchapaji wa ofseti kuna gharama isiyobadilika ya kutengeneza sahani za kuchapia, iwe unachapa nakala mia moja au elfu moja. Gharama ya karatasi na wino ndiyo huongezeka kwa kila nakala. Kwa hiyo kadiri nakala zinavyoongezeka, bei ya nakala moja hushuka. Uchapaji wa kidijitali hauna sahani, nao hufaa nakala chache. Rangi huongeza gharama, hivyo jarida linaweza kuwa na jalada la rangi na kurasa za ndani nyeusi na nyeupe. Zaidi ya hayo, rangi za skrini haziwi sawasawa na za wino. Buluu inayong’aa kwenye kompyuta huweza kufifia karatasini. Ombeni nakala moja ya majaribio, isomeni wote, tieni saini, ndipo mruhusu mashine iendelee.

8.0 Usambazaji na tathmini

Nakala zisibaki kabatini. Kila aliyehojiwa apelekewe yake kwa mkono, na mwandishi aliyemhoji ndiye aipeleke. Nyingine ziwekwe saluni, kwenye vibanda vya muziki, makanisani, misikitini na katika maktaba ya shule. Nakala kadhaa zihifadhiwe pamoja na faili za kompyuta, kwa kuwa jarida lisilohifadhiwa halitofautiani sana na wimbo usiorekodiwa.

Mtaala wa mwaka 2020 umetoa nafasi kwa kazi ya mradi, na alama za tathmini endelevu huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu anaweza kupima rasimu ya kwanza dhidi ya ya mwisho, usahihi wa tafsiri, uzingatiaji wa mwongozo wa mtindo, na mchango wa kila mmoja katika kikundi. Kipimo kingine, ambacho hakiingii katika jedwali la alama, ni kama watu wa mtaa wameuliza toleo la pili litatoka lini.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba shule maskini haziwezi kugharimia uchapaji. Jibu ni kwamba toleo la kurasa nane, lililotolewa kwa fotokopi na kubanwa pini, ni jarida kamili kwa kila kipengele cha kielimu kilichotajwa hapa. Ya pili ni kwamba muziki wa vijana una maneno yasiyofaa. Ni kweli kwa baadhi ya nyimbo. Lakini mwanafunzi anayeandika tathmini ya wimbo analazimika kusema kwa nini neno fulani halifai, na hoja hiyo ina faida kubwa kuliko marufuku.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua mradi wa jarida la muziki kuanzia uteuzi wa msomaji hadi ugawaji wa nakala. Yameonyesha kwamba kila hatua ina zoezi la lugha ndani yake: ngeli katika wimbo na nyimbo, tafsiri katika mahojiano, rejesta katika alama za nukuu, silabi katika ukataji wa maneno. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ualimu viingize usanifu wa majarida katika mafunzo ya walimu wa Kiswahili, kwamba shule jirani zibadilishane matoleo, na kwamba watengenezaji wa programu waandae kanuni za ukataji wa maneno kwa Kiswahili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wa Namuwongo ni mali, na wanaoweza kuuandikia daftari wamo darasani tayari, kalamu mkononi, wakisubiri kazi inayostahili kuandikwa.